Pikapu ya Kumhamisha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua gari. Mimi! Alhamdulillahi.

Niseme ukweli, maana hapa tuko peke yetu: si gari hasa. Ni pikapu. Tena si pikapu inayotembea. Ilikuwa imelala uani kwa Mzee Posta (kazi ya posta alishastaafu, jina halikustaafu) hadi majani yakaota kwenye sakafu yake na kuchungulia dirishani kama abiria. Chini ya kiti cha dereva kuku wametaga. Mzee Posta akasema kuku hauzi. Nikauliza, na mayai? Akafikiri sana, akasema mayai niende nayo. Nikaona hiyo ni dalili njema. Nimempa baiskeli yangu na pampu ya maji, tumepeana mikono, yamekwisha.

Sababu yake naiandika wazi, ili ijulikane nia yangu ilikuwa safi. Mama Mkwe anahama. Nyumba aliyopanga imeuzwa, na Jumamosi ya tarehe 16 lazima awe ametoka. Anakuja kukaa kwetu, chumba cha nyuma. Ana kitanda, masanduku mawili, vyombo, na kabati. Kabati hilo aliliunda marehemu Baba Mkwe kwa mikono yake, walipooana. Alikuwa seremala. Halina msumari hata mmoja, ni mbao imeingia ndani ya mbao. Mama Mkwe akilifuta vumbi huzungumza nalo kidogo. Tunajifanya hatusikii.

Sasa, siku zote mizigo ya ukoo huu hubebwa na Shemeji, mdogo wake mke wangu. Ana lori dogo, jipya, lina redio na kiyoyozi. Harusini, lori la Shemeji. Msibani, lori la Shemeji. Na mimi, mwenye umri huu na ndevu hizi, nakaa nyuma na magunia. Jana baada ya chakula, mbele ya watu wote, akasema Jumamosi hiyo atakuja kumchukua Mama. Sijui ulimi uliniteleza vipi. Nikasema asijisumbue. Mama atabebwa na gari la mkwewe.

Shemeji akauliza gari gani. Nikasema ataliona. Hapo sikuwa na gari wala tairi! Akasema basi vyema, siku hiyo atachukua kazi ya safari ya mbali aliyokuwa ameikataa. Mke wangu akanitazama vile anavyotazama maziwa yakiwa jikoni.

Nimeswali rakaa mbili za kuomba msaada. Mayai yote ni viza.

Jumanne, 5 Agosti

Majirani wamenisaidia kuisukuma hadi nyumbani. Njiani mlango wa kushoto umeanguka. Tumeurudisha.

Nimemwita Fundi Itawaka. Ndivyo anavyoitwa, kwa sababu gari liwe na ugonjwa gani, yeye husema itawaka tu. Amelala chini ya pikapu kwa muda mrefu bila neno, nikadhani amesinzia. Alipotoka alikuwa na uso wa daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa. Akasema injini itawaka tu. Starta imekufa, itafutwe nyingine. Betri hakuna. Halafu akapiga kidole kwenye lile bati la nyuma, linalofungwa kuzuia mzigo usianguke. Kidole kikatokea upande wa pili. Akasema hili lichomelewe kabla ya kitu kingine chochote. Akarudia: kabla ya kitu kingine chochote, kaka yangu.

Nikamwambia nimesikia. Na nimesikia kweli. Ila nimefanya hesabu zangu. Starta inakula nusu ya uwezo wangu, na mchomeleaji atakula iliyobaki. Mtu akitazama gari anaona nini kwanza? Starta? Hapana. Anaona rangi. Nitaanza na rangi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi yangu ni dukani, duka la misumari, rangi na mabomba. Tajiri ana makopo ya rangi yaliyorudishwa na wateja au yaliyopoteza vifuniko. Nimemwomba, amenipa, bure kabisa. Kopo la kijani, la krimu, la bluu, na moja ambalo karatasi yake imechanika. Nimeyachanganya yote kwenye ndoo, nikaongeza mafuta ya taa ili itoshe. Nimepaka mchana kutwa nikisoma nyiradi.

Rangi iliyopatikana haina jina. Jirani wa kulia amesema ni kama wodi ya wazazi. Mke wangu amesema ni rangi ya mboga iliyolala. Mzee Posta amepita, amesimama, akasema hata haijui tena, akanipa pole. Mimi naiona nzuri. Inatulia ukikaa nayo.

Tatizo ni moja tu. Haikauki. Ni rangi ya milango ya nyumba, nayo nimeizidishia mafuta ya taa. Jioni nimeigusa, imekuja na kidole. Paka wa jirani ana mkia wa rangi yangu. Jirani anadai nimempaka kwa makusudi. Nimemwambia aapishe paka.

Astaghfirullah. Nitamwomba radhi kesho.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata betri! Lakini leo moyo wangu mzito, naandika polepole.

Ilikuwa hivi. Chumba cha Mama Mkwe kilikuwa hakina mlango, tukanunua mlango wa mbao, mzuri, ukawa umeegemezwa ukutani kusubiri fundi. Mke wangu ndiye aliyeuchagua. Alizunguka maduka matatu, akasema mama yake amezoea mlango mzito, mwepesi hataweza kulala. Leo amekwenda kumsaidia mama yake kufunga vyombo. Muuza betri mmoja akapita kutazama pikapu, akauona mlango. Akasema anajenga. Akasema ana betri, nzima, inalia kama jogoo. Akaniuliza, mimi natafuta betri, sivyo?

Nikasema mlango hauuzwi. Akasema hakuna aliyetaja kuuza, ni kubadilishana. Nikaingia ndani kutawadha ili nifikiri vizuri. Wakati najipangusa nikaona hoja yake: chumba kisicho na mlango bado ni chumba. Gari lisilo na betri ni banda la kuku. Na baada ya Jumamosi, nikianza kubebea watu mizigo, nitanunua mlango mwingine, mzito zaidi, wenye kitasa cha shaba.

Ameuchukua kichwani. Niliusindikiza kwa macho hadi kona.

Mke wangu aliporudi akauliza mlango uko wapi. Nikasema upo kwa seremala, unapigwa randa. Akafurahi! Akasema leo nimewaza kabla ya kuambiwa. Akanipa nyama kubwa kwenye sahani. Niliila. Ee Mola wangu, niliila yote.

Jumanne, 12 Agosti

Bati la nyuma limepona.

Fundi Itawaka amekuja na kuuliza limechomelewa na nani. Nikamwambia ni siri ya kazi. Siri yenyewe ni hii: magazeti yaliyolowekwa, gundi ya mbao, puti ya kuzibia matundu ya bati kutoka dukani, halafu rangi yangu juu. Linang'aa. Huoni tundu hata ukitumia miwani. Kitasa chake kilikuwa kimelika, nimefunga waya. Waya mzuri, wa dukani.

Fundi akasogea kuligonga. Nikamshika mkono. Nikasema rangi bado mbichi, na hilo halikuwa uongo. Akanitazama. Akasema kaka yangu, gari hili litabeba mtu gani? Nikasema Mama Mkwe. Akasema lo, basi Mungu amtangulie. Nikaitikia amina.

Kioo cha nyuma hakipo, nimeweka kipande cha ubao. Hatutaona nyuma, lakini safari ni ya kwenda mbele.

Jumatano, 13 Agosti

IMEWAKA!

Fundi Itawaka alikuwa sahihi. Haikuwaka kwa ufunguo, imewaka kwa kusukumwa. Tumeisukuma barabara nzima, mimi nikiwa kwenye usukani nikisoma Bismillahi, ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma. Watoto wa mtaa wamepiga makofi. Moshi umeingia nyumba zote upande wa kushoto. Jirani mwenye paka amefunga madirisha kwa kelele.

Sasa hapa ndipo akili inahitajika. Starta sina. Wasukumaji hawapatikani kila saa. Kwa hiyo nimetengeneza kilima. Nimechimba udongo, nikapanga matofali, nikajenga mteremko uani kwetu. Pikapu inalala juu, asubuhi naachia breki, inashuka yenyewe, inawaka. Starta ya nini?

Kilima kimekaa juu ya tuta la mboga la mke wangu. Hapakuwa na pengine. Ametoka, ameangalia, ameuliza mboga zake zimekwenda wapi. Nikasema ziko chini, zinapumzika. Hakucheka. Aliinama akachomoa jani moja lililojitokeza pembeni ya tofali, akaingia nalo ndani.

Nilitamani anigombeze.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya aibu. Naiandika upesi niimalize.

Msikiti wetu uko kwenye mteremko, kwa hiyo nikasema pikapu leo itakwenda kuswali nami. Nikaiegesha juu, pua chini, tayari. Watu waliniangalia. Nilishuka taratibu, nikazunguka kana kwamba nakagua tairi, ili wanaochelewa nao waione.

Tulipotoka, muuza viazi alikuwa ameweka meza yake mbele ya pua ya pikapu. Siwezi kushuka. Nikamwomba asogee. Akasema amepanga viazi kwa mafungu, mwenye haraka apite nyuma. Nyuma ni mlima! Basi waumini, Mungu awalipe, wakasema tuisukume kinyumenyume mpaka pale tambarare, halafu tuizungushe. Watu ishirini kwa kanzu nyeupe za Ijumaa. Zimepigwa pasi. Nyingine za hariri.

Iliwaka. Ndiyo. Ilitoa moshi wake wote wa miaka mingi kwa mkupuo mmoja. Moshi ulipoondoka niliona watu weusi ishirini wakikohoa. Na waliosukuma kwa mabega walikuwa na rangi yangu, ile isiyokauka, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Imamu alikuwa katikati yao. Akapangusa miwani. Akasema kwa upole kwamba wiki ijayo atazungumzia haki za jirani.

Nilipokuwa nataka kuondoka, mtu mmoja akaja dirishani. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Shemeji. Kanzu yake ndiyo iliyochafuka kuliko zote, kumbe alikuwa kwenye bomba la moshi lenyewe. Nilidhani atanisema. Hakunisema. Aliinama akaniambia, taratibu, wengine wasisikie: Shemeji yangu, safari yangu ni alfajiri. Niambie neno moja tu naiahirisha, na hakuna atakayejua.

Neno moja tu.

Nikamwambia aende salama, na asisahau kutuletea zawadi.

Jumamosi, 16 Agosti

Baada ya Magharibi. Wengine wamelala mapema au wanajifanya wamelala. Nitaandika kila kitu kwa mpangilio, labda nitaelewa.

Asubuhi pikapu iliwaka kwenye kilima bila kinyongo. Nikafika kwa Mama Mkwe nikijiona bwana harusi. Majirani zake wakapakia. Mimi sikushuka, kwa sababu nikitoa mguu kwenye mafuta inazimika. Mama Mkwe akasema mkwe wangu, zima gari unywe chai, mbona unakuja kama mtu wa kodi? Nikasema nitainywea hapa hapa. Akaniletea dirishani. Nimekunywa chai nikikanyaga mafuta, chai ikitetemeka kikombeni, naye amesimama na kisahani kama mhudumu. Nilipaswa kuona haya. Niliona ufahari tu.

Kabati likapakiwa mwisho, likaegemea bati la nyuma. Mama Mkwe akalifunga kwa shuka lake mwenyewe, halafu kamba. Akafunga nyumba, akampa jirani ufunguo, akapanda mbele na mimi. Aliitupia macho ile nyumba mara moja. Akasema haya, twende.

Barabara ilikuwa nzuri mpaka kwenye mlima. Tulipoanza kupanda, nyuma kukasikika kishindo. Mama Mkwe akasema kitu kimegonga. Nikasema ni bomba la moshi, Mama, lina tabia hiyo. Tukaendelea. Akageuka kutazama nyuma, akakuta ubao. Akasema mkwe wangu, simama kidogo tuangalie kamba. Nikasema Mama, tuko karibu kufika. Hatukuwa karibu. Lakini kwenye mlima ule, nikisimama, nani angeisukuma kupanda? Baada ya kona akasema tena, na safari hii alinigusa mkono. Baba, nakuomba, simama.

Aliniita baba. Mama Mkwe aliniita baba, akaniomba, nami nikaongeza mafuta.

Halafu akaja mtu wa pikipiki, akatukaribia ubavuni, akawa anapunga mkono. Nikampungia. Akapiga kelele na kuonyesha nyuma. Nikadhani anasifu rangi! Nikampigia honi. Akatupita, akasimama katikati ya barabara, akatandaza mikono. Ikabidi nisimame. Pikapu ikazimika hapo hapo. Akaja dirishani, akavua kofia, akasema mzee, shikamoo, mizigo yako inakuja kwa miguu.

Bati la nyuma halikuwepo. Limebaki lile pindo na waya wangu wa dukani, umefungwa vizuri sana. Magazeti na puti vilipasuka kama andazi. Godoro lilikuwa mtaroni. Masanduku yalisimama kwenye kamba, yenyewe yana busara. Kabati tulilikuta nyuma yetu, mbali sana na pale kilipotoka kile kishindo cha kwanza. Lingekuwa limeanguka tu, lingepona. Mbao ile ni ngumu. Lakini lilianguka likining'inia kwenye kamba, na nililiburuta. Kutoka mwanzo wa mlima mpaka kamba ilipokatika, nililiburuta.

Mama Mkwe hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia. Aliokota vipande akivipanga pembeni mwa barabara, kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo, kama mtu anayeanua nguo mvua ikitaka kunyesha. Akalikunjua lile shuka akavifungia vile vidogo. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa mzima. Huo hakuufunga.

Wenye mkokoteni walibeba mizigo. Mtu wa pikipiki akambeba Mama. Aliondoka ameupakata ule mguu mapajani, kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelala.

Nyumbani nilifika wa mwisho, kwa miguu. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye uwazi wa chumba cha nyuma. Alikuwa amekwenda kwa seremala kuulizia mlango. Mama Mkwe ndiye aliyesema. Alisema si kitu, mwanangu, chumba kisicho na mlango nacho kizuri, nikikohoa nitasikika.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kumwomba radhi. Niliketi chini, kwenye sakafu, nje ya ule uwazi, kwa kuwa hakuna pa kubisha hodi.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema haikuwa nia yangu. Akasema anajua. Nikasema nilitaka kumheshimu. Akasema na hilo analijua. Akaniuliza swali moja tu, wala si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia. Akasema, nilipokuomba usimame, ulinisikia?

Nikasema nilisikia, Mama.

Akatikisa kichwa. Akasema Baba Mkwe wako alipolileta kabati lile nyumbani mara ya kwanza, lilikuja na mkokoteni wa kukodi. Yeye hakupanda. Alitembea kando yake njia nzima, ameliwekea mkono. Akasema nenda kaswali, adhuhuri imeingia.

Nilikwenda. Nilisujudu muda mrefu hadi aliyekuwa jirani yangu safuni akaniuliza kama ni mgongo.

Kisha nimekaa na mke wangu jikoni. Amezungumza, alhamdulillahi. Amesema mambo mawili. La kwanza, hataniuliza tena mlango ulikwenda wapi, kwa kuwa nikimjibu atajua. La pili, pikapu ile iondoke. Nimeweka mkono kifuani, nikaahidi mbele ya Mungu kwamba pikapu ile sitaigusa tena maisha yangu yote. Imebaki pale mlimani, Mzee Posta anasema kuku wa huko wameanza kuizoea.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Kiburi ni ugonjwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Shemeji amerudi safari. Amekuja na mlango. Hakuna aliyemwambia, au dada yake alimwambia, sijui. Ameutia mwenyewe, mimi nikimshikia misumari. Mlango mzito. Nilingoja acheke, japo kidogo, nimalize deni. Hakucheka. Aliniuliza kama mgongo umepona. Kumbe habari za msikitini zimemfikia.

Halafu tukalikunjua shuka, na seremala wa mtaa wa pili akaja. Amegusa kila kipande, amenusa. Amesema marehemu alikuwa mtu! Amesema kabati linarudi, si maneno ya kufariji, linarudi kweli. Milango mizima, rafu nzima, mguu mmoja mzima. Ila nguzo mbili zimesagika, na mbao ya aina ile haipatikani hapa. Iko kule kwa wapasua mbao, ng'ambo ya msitu, safari ya nusu siku.

Mama Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kwenye mlango wake mpya. Nilimwona uso ukibadilika. Siku mbili hizi alikuwa mtu wa "asante" na "nimeshiba". Sasa akauliza, kwa sauti ya chini, likirudi, litafunguka kama zamani, lile la kulia lilikuwa na mlio kidogo? Seremala akasema hata mlio ataurudisha.

Shemeji akasema mbao ataleta yeye, Jumamosi.

Nikasema hapana. Walinitazama wote. Nikasema kwa unyenyekevu kabisa, kwa kuwa nimejifunza: kabati nimelivunja mimi, mbao zake nitazileta mimi. Jamani, hiyo si haki? Si toba ndiyo hivyo inavyotakiwa, mtu arekebishe alichoharibu? Mama Mkwe akasema mwacheni. Mke wangu akauliza nitazileta na nini. Nikasema Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 20 Agosti

Usiku na mchana nimewaza. Kukodi gari sina uwezo, na mlango wa kubadilishana uliniishia (ule wa kwanza). Nikaomba dua ya kuonyeshwa njia, kwa moyo mweupe.

Leo asubuhi, sijafika hata dukani, nani nakutana naye? Fundi Itawaka. Dua gani hujibiwa upesi hivyo? Akaniambia kuna pikapu mahali, ndugu kabisa wa ile yangu, baba mmoja mama mmoja. Haina injini, lakini bati lake la nyuma ni zima, chuma kitupu. Na starta ipo! Mwenyewe amechoka nayo, inamzibia njia ya choo. Fundi anasema mtu mwenye akili angechukua injini ya ile, akaiweka kwenye hii. Nikamuuliza itawaka? Unajua alichonijibu.

Nilisita. Nimesita kwelikweli, Mola ni shahidi, kutoka duka la mkate hadi kwenye kona. Nina ahadi. Lakini niliahidi nini? Kwamba pikapu ile sitaigusa. Hii ni nyingine. Na injini ataitoa Fundi, mimi sitagusa hata skrubu, nitasimama pembeni nikimwonyesha kwa kidole. Tena hii ni kwa ajili ya kabati la Mama. Zamani nilifanya kwa kiburi. Sasa nafanya kwa toba. Tofauti ni kama mbingu na ardhi.

Nitaanza na starta. Rangi baadaye. Mtu akijifunza, amejifunza.

Mke wangu ameniuliza nakwenda wapi na kofia. Nikamwambia nakwenda kumtazama mgonjwa. Si uongo: amelala juu ya matofali, hana magurudumu, ndugu zake wamemkatia tamaa. Mke wangu amefurahi, uso umemlainika kwa mara ya kwanza wiki hii. Amesema nimfikishie salamu zake, na jamani, nisiende mikono mitupu.

Nimechukua spana.